Redio Ndani ya Mtumbwi

Juzi mdogo wangu Teo alinipigia simu kutoka Kirushya, na katikati ya habari za mvua na maharage akaniambia kwamba ameupasua ule mtumbwi wa zamani, kuni zimepatikana za kutosha. Alisema hivyo hivyo tu, kama mtu anayesema amefagia uwanja. Nilikuwa jikoni kwangu, hapa Biharamulo, na sebuleni mwanangu alikuwa anahangaika na spika zake mpya, zile zenye boksi la besi, akizihamisha kutoka kona hii hadi ile huku vikombe vikitetemeka kabatini. Nilikata simu bila kuaga vizuri. Nilikasirika, bado nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha.

"Mama, njoo usikie mzigo huu!" mwanangu akaniita.

Nikamwambia mzigo huo naujua. Sauti ya kutikisa mabati niliisikia yeye hajazaliwa, tena ilitoka kwenye gogo la mti. Akacheka, kama wanavyocheka watoto wa siku hizi wanaodhani besi imeletwa nchini na wao. Wenzangu wa rika langu, mliokulia kule karibu na mpaka, nyie hamtacheka.

Mtumbwi ninaousema haukuwa wa majini. Ulikuwa wa kukamulia ndizi, umechongwa kwa gogo moja, mrefu kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala ndani yake akanyoosha miguu. Nyumbani tuliuita umuvure. Baba alimenya ndizi mbivu akazimwaga humo, akaweka nyasi ndefu laini, kisha akazikanda ndizi pamoja na nyasi mpaka jasho likamdondoka kidevuni. Nyasi zilishika makapi, juisi ikatoka safi, na kesho kutwa yake ikawa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke hakukamua, hakuuruka mtumbwi, na kuukalia ndiyo kabisa, ilikuwa haitajwi. Mtumbwi uliokaliwa na mwanamke, rubisi yake hakuna mwanaume angeitia mdomoni. Mimi nilifundishwa hivyo tangu nianze kutembea, na nilipita mbali nao kama watu wanavyompita mbwa asiyemjua mtu.

Baba alikuwa na vitu viwili alivyovipenda waziwazi: mtumbwi huo na redio kaseti yenye spika mbili, aliyoipata Lusahunga kwa dereva mmoja wa malori. Jumapili baada ya misa aliiweka dirishani, akawasha, akakaa nje na miguu ameinyoosha, na mama akipita na ndoo alimwambia, "Kaa kwanza, sikiliza sauti ya watu." Kisha baba akaugua, akaondoka mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Mama akabaki na mimi, na Teo aliyekuwa bado ananyonya, na redio ambayo spika yake moja ilikuwa imekufa na ya pili panya walikuwa wameitoboa karatasi yake.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alisema tangu siku ya maziko kwamba redio na mtumbwi vitakwenda kwake siku ya kumaliza matanga. Alisema mbele ya watu, taratibu, kama jambo lililokwisha. Mama hakujibu kitu. Mimi nilidhani amekubali, maana wakati huo bado sikujua kwamba mama akinyamaza ndipo anapokuwa mbaya.

Ni kabla ya matanga hayo kumalizwa ndipo watu walipoanza kuvuka mpaka kutoka ng'ambo, wakikimbia vita. Mnakumbuka wenyewe: barabara ilijaa vichwa na mizigo, vilima vikavaa turubai, moshi wa mikaratusi mibichi ukaingia mpaka kwenye shuka. Kambi ilikuwa mbali nasi, upande wa barabara ya malori, lakini watu walifika hadi kwetu wakitafuta kibarua cha kulima ili wapewe chakula. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Konsolata. Alikuja kutulimia maharage, mama akamwambia alale jikoni, akawa hakuondoka. Sisi tulimwita Mama Dezire, kwa jina la mtoto wake ambaye hatukuwahi kumwona. Dezire alimponyoka mkono katika msongamano wa kuvuka mto. Alikuwa wa umri wangu. Mama Dezire alikuwa akinipima kwa macho ninapopita, hasa kimo changu, kisha anaangalia pembeni, na mimi sikupenda.

Jioni, jua likishuka, kulikuwa na kipindi redioni cha kusoma majina ya waliopotezana. Mtangazaji alisoma kwa lugha yao, ambayo sisi Wahangaza tunaielewa bila shida: mtoto fulani, wa kilima fulani, yuko mahali fulani, anamtafuta mama yake. Majina yaliyosomwa Jumanne yalirudiwa Ijumaa, kisha yakaja mengine, na yale ya zamani ndiyo hayakusikika tena. Mama Dezire aliacha jembe popote lilipo kipindi kikianza. Aliinama mbele ya redio hadi nywele zake zikaigusa.

Lakini redio yenyewe ilikuwa inanong'ona. Betri tulizianika juani pamoja na maharage ili zipate nguvu, na mama aliziba tundu la spika kwa kipande cha karatasi ya daftari na ugali laini. Mkonga wa antena ulikuwa umevunjika siku nyingi, kwa hiyo tulifunga waya, na aliyeshika ncha ya waya nilikuwa mimi. Nikisimama juu ya kinu sauti ilipanda, nikishuka ilipotea. Niliamini majina yanapita mwilini mwangu kuelekea kwenye redio, ndiyo maana nilikataa kula kabla ya kipindi, nisije nikayachanganya na maharage.

Na niliamini jambo jingine kubwa zaidi. Niliamini redio inasikia. Kama sisi tunawasikia wao, wao wanakosaje kutusikia? Kwa hiyo nilipoona wakubwa wanataka sauti kubwa, nilielewa kwa namna yangu: sauti ikiwa kubwa kwetu, na mlango wa kule utakuwa mpana, na Dezire atasikia mama yake akipumua. Mara nyingi, watu wakiwa shambani, niliweka mdomo kwenye wavu wa spika nikasema, "Dezire, mama yako yuko kwetu, anakula vizuri." Nilisubiri. Redio iliyozimwa haijibu, hilo nililijua, lakini nilidhani inapeleka salamu.

Watu wengine wakasikia kwamba kwetu kuna redio, wakaanza kuja jioni, wanawake wengi, wengine wakitoka mbali, wakajaa uani. Wa nyuma hawakusikia chochote. Waliwauliza wa mbele, wa mbele wakawanyamazisha, na kelele za kunyamazishana zikawa kubwa kuliko redio. Mvua ikigonga mabati ndiyo basi tena. Siku moja baada ya mvua ya namna hiyo, mama alitoka nje, akausimamia ule mtumbwi wa baba uliokuwa umeegemea ukuta wa zizi. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukatoa sauti nzito, tumboni kabisa. Akaugonga tena.

"Mama Dezire," akaita, "shika upande huo."

"Dada, huo ni wa wanaume," Mama Dezire akasema. "Hata kwetu ni hivyo hivyo."

"Mwanaume wake yuko chini ya migomba. Akitaka kunigombeza atanikuta hapa hapa."

Waliuburuta hadi uani, wakaulaza, mama akaiweka redio ndani upande mmoja, uso wa spika ukiangalia urefu wa mtumbwi. Akawasha. Jamani! Sauti iliyotoka haikuwa ya redio yetu. Ngoma zilipiga kifuani, kuku wakatawanyika, Teo akaacha kunyonya kidole akageuza kichwa. Wanawake waliruka, wakapiga vigelegele, na mama, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu maziko, alicheka hadi akafuta macho kwa kanga. Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa bondeni, na kwa sauti ile hakuhitaji mtu wa kumpelekea habari.

Alipanda kesho yake asubuhi. Baba mkubwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, na akikasirika aliacha Kihangaza akahamia Kiswahili, lugha ya ofisini, ingawa mali kwake ilibaki mari.

"Mama Vene," akamwita mama kwa jina langu, "nimesikia ngoma. Kumbe ni mtumbwi wa marehemu!"

"Shikamoo shemeji. Ndiyo wenyewe."

"Hii ni mari ya ukoo! Na hawa watu unaowapigia redio wamemaliza miti yetu, ndizi zinakatwa usiku, wewe unawakaribisha uani?"

"Aliyekata ndizi umkamate. Hawa wanatafuta watoto."

"Ijumaa nakuja na vijana. Mtumbwi utakamua rubisi ya matanga, na redio itakuja pamoja nao. Nimemaliza."

Mama alimtazama hadi alipozama kwenye migomba. Kisha akaenda kuchota maji. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jioni ile ile kipindi kilianza na uani hakuna pa kuweka mguu. Nilikuwa juu ya kinu na waya wangu, nimejaa umuhimu. Sauti ilikuwa kubwa mno, kila mtu hadi wa nyuma kabisa aliisikia, na hakuna aliyekuwa anaielewa. Ndiyo, kubwa ilikuwa kubwa. Lakini mtumbwi ulikuwa unaivumisha kila sauti, neno moja halijaisha linagongwa na lile linalofuata, yote yakawa mvumo mmoja kama nyuki ndani ya mzinga. Watu walitazamana. Na katikati ya mvumo huo likachomoza jina la kilima, moja tu, wazi, kisha mvumo ukafunga tena.

Kilikuwa kilima cha Mama Dezire.

Alisimama. "Wamesema nani?" akauliza. "Wamesema nani? Mtoto wa nani?" Alimgeukia kila mtu, akawashika mabega, na kila mtu akatikisa kichwa. Mtangazaji aliendelea na wengine. Mama Dezire akakaa chini kwenye matope, akaanza kujipigapiga goti kwa kiganja, bila kulia, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio. Mimi nilikuwa na hakika kosa ni langu, maana nilikuwa nimepiga chafya nikiwa nimeshika waya. Nilishuka kwenye kinu nikajificha nyuma ya zizi.

Mama alinikuta huko. Hakuniuliza ninalia nini. Aliniambia, "Njoo tukate nyasi."

Sikuelewa, lakini nilimfuata. Tulikwenda hadi chini kwenye bonde, tukakata zile nyasi ndefu laini, zenyewe kabisa ambazo baba alizitumia kukamulia, tukazianika kesho yake kutwa nzima. Mama alifanya kazi akisema peke yake, na maneno yake niliyashika hata kabla sijayaelewa: "Sauti ina makapi. Juisi yenye makapi unaifanyaje? Unaitilia nyasi. Si unaitilia nyasi?" Alhamisi alizipanga ndani ya mtumbwi, chini na kwenye kuta, nyingi zaidi mwishoni kabisa, mkabala na redio, akaacha njia katikati. Akawasha muziki kidogo. Akatoa nyasi, akaongeza, akaisogeza redio mbele kidogo, akanituma niende hadi kwenye migomba nimwambie nasikia nini. Nilikimbia kwenda na kurudi hadi miguu ikauma. Mara ya mwisho, nikiwa ndani kabisa ya migomba, nilisikia mtu akiimba, na nikasikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Nilisimama pale pale. Sijawahi, hata leo na vifaa vyote vya mwanangu, kusikia sauti iliyonifurahisha kama ile.

Ijumaa watu walikuja mapema. Mama Dezire hakuwa amekula tangu Jumanne. Alikaa mbele, mikono ameibana katikati ya magoti, na watu walimwachia nafasi, kama mfiwa anavyoachiwa. Nilikuwa tayari juu ya kinu nilipoona kofia ya baba mkubwa ikipanda kati ya migomba, na nyuma yake vijana wenye nguvu, na kamba.

Hakusalimia mtu. "Vijana, mwageni hizo takataka, beba."

Kijana mmoja akainama kushika nyasi. Hapo ndipo mama, Teo akiwa mgongoni, alipokunja kanga yake hadi magotini, akainua mguu wa kulia, akauweka ndani ya mtumbwi. Akaweka na wa kushoto. Kisha akakaa. Alikaa vizuri kabisa juu ya nyasi, nyuma ya redio, akanyoosha miguu huku na huku ya redio kama mtu aliyekuja kukaa siku nzima.

Hata wale wageni walijua maana yake. Yule kijana aliondoa mikono kwenye mtumbwi kama ameshika moto.

"Shikamoo shemeji," mama akasema, akiwa humo humo ndani. "Sasa beba. Ukamulie rubisi yako, uwape watu, uwaambie nani alikaa humu."

Baba mkubwa alifungua mdomo. "Mama Vene, umeharibu mari ya..."

"Nimeharibu. Redio nayo chukua, ipo hapa kati ya miguu yangu, njoo uitoe mwenyewe."

Kuna mwanamke alicheka nyuma, akazibwa mdomo na mwenzake. Baba mkubwa alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na mikono yake haikujua iende wapi. Hapo hapo kipindi kikaanza. Mtangazaji akasalimia, sauti yake safi kana kwamba amesimama hapo kwenye kinu pamoja nami, na yeye mwenyewe baba mkubwa, sijui kwa mazoea au kwa mshangao, akavua kofia.

Majina yakaanza kupita. Kila jina lilifika zima, na kila mama ambaye halikuwa lake alishusha pumzi. Teo alikuwa analia mgongoni kwa mama, mama akimtikisa bila kusimama. Kisha likaja jina la kilima, na Mama Dezire akanyanyua uso, na mtangazaji akasema, wala hakukimbiza maneno: Dezire, mwana wa Konsolata, yuko kwenye kituo cha watoto, ni mzima, anamtafuta mama yake.

Mama Dezire aliinama, akaingiza kichwa chake chote ndani ya mtumbwi, karibu na miguu ya mama, akaita ndani ya gogo lile kwa sauti iliyonifanya nishike waya kwa mikono yote miwili:

"Ndi hano! Ndi hano, mwana wanje!"

Niko hapa. Niko hapa, mwanangu. Na wanawake wote uani wakaitika pamoja naye, wakisogea, wakiinama, wakielekeza midomo yao mtumbwini, ndi hano, yuko hapa, mama yako yuko hapa, na mama yangu naye akaita, na nikamwona baba mkubwa, kofia mkononi, midomo inatembea. Hakuna hata mmoja aliyesema redio haisikii. Nikajiambia, kumbe wakubwa nao wanajua. Walikuwa wananificha tu.

Mama Dezire aliondoka alfajiri na kanga ya mama begani. Baadaye msafiri mmoja alituletea habari kwamba amempata, na kwamba mtoto amenizidi kimo. Redio ilikaa kwetu hadi ilipokufa kifo chake yenyewe. Matanga tuliyamaliza kwa rubisi ya kuazima, na baba mkubwa aliinywa bila kumwangalia mama, na mama alimmiminia bila kuinamisha kichwa zaidi ya inavyotakiwa. Mtumbwi ulirudi kuegemea ukuta wa zizi na nyasi zake ndani, miaka na miaka, na hakuna mwanaume aliyeugusa.

Jana nilimpigia Teo tena, nimuulize kama kimebaki hata kipande. Akaniambia vyote vimeshaingia jikoni, na akanishangaa, akacheka.

"Dada, unalilia nini? Ule mtumbwi haukufaa hata kwa rubisi. Tangu nipate akili sijaona mtu akiukamulia."

"Haukufaa," nikamwambia, "kwa sababu mama aliukalia. Na wewe ulikuwa mgongoni kwake, unalia."